Figo ya Dada na Ng'ombe wa Shemeji

Mwalimu wa kwaya si mtu wa kupendwa upesi. Nasema hivyo mapema, mtu asije akadhani naandika habari za malaika. Ana maringo, ana kelele, na hata uimbe mpaka koo likauke, sifa yake kubwa kabisa ni moja: "Si mbaya." Akisema "si mbaya" watu wanakwenda nyumbani wakitembea kama wamepewa zawadi. Mimi aliniambia hivyo mara moja tu, na haikuwa kwa sababu ya kuimba. Alikuwa amekula maharagwe yangu.

Tumekaa jirani miaka mingi hapa nje ya Kitale, kwenye barabara ya kwenda Endebess, kati yetu ua wa kayaba tu. Mke wake alifariki zamani, kwa hiyo mengi ya nyumba yake nilikuwa nayaona kutoka kwa jiko langu. Mimi shule niliacha mapema, lakini Biblia nasoma, saa nasoma, na mtu namsoma pia.

Saa ndiyo nianze nayo. Huyu mtu hakuna kitu alikuwa anaheshimu kama saa moja. Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Ikifika, anameza vidonge vyake, hata kama nyumba inaungua. Kwenye mazoezi ya kwaya alikuwa anakata wimbo katikati. Kama sauti ya kwanza imepanda juu mlimani, inabaki huko huko na mdomo wazi mpaka yeye amalize kumeza maji yake. Siku moja alikuja askofu mgeni, mahubiri yakawa marefu, jioni ikatufikia kanisani. Mwalimu akasimama mbele ya watu wote, akafungua chupa, akameza, akafuta mdomo.

Askofu akauliza, "Ndugu, mahubiri yamekuumiza kichwa?"

"La, Baba Askofu. Niko na mgeni ndani, na hii ni saa yake ya chakula."

Watu walicheka. Askofu pia alicheka, na akamaliza upesi, jambo ambalo sisi wote tulishukuru.

Mgeni mwenyewe ilikuwa figo. Figo zake mbili ziliharibika kwa sababu ya presha ya damu, mambo ya mtu kupuuza kichwa kuuma. Wakati miaka ya elfu mbili inaanza, alikuwa amevimba miguu mpaka viatu vikawa vya kubebwa mkononi, akawa wa kwenda Eldoret kila mara kufungwa kwa mashine ya kusafisha damu. Dada yake mmoja, aliyeolewa Matulo karibu na Webuye, akapimwa, damu yao ikalingana. Akasema, "Mimi niko na mbili. Yeye hana. Hesabu gani hapo inahitaji mkutano?"

Lakini mkutano uliitwa. Sisi Wabukusu hatuwezi kutoa hata jogoo bila kikao, sembuse figo ya mke wa mtu. Wazee wa ukoo wa mume walikaa Matulo, na mimi nikaenda kama mama jirani, nishike nafasi ya mama yao, kwa sababu mama yao alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa wa sukari. Mume wa yule dada, yaani shemeji, ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Mtu mfupi, kofia haitoki kichwani, sauti ya mnadani. Akasimama, akasema:

"Sisi tulilipa ng'ombe, tukachukua mke mzima. Hatukuchukua mke nusu. Sasa hawa watu wanakuja kumpunguza. Wakimpunguza, si wapunguze na mahari?"

Mke wake akamwambia kutoka mlangoni, "Baba Nekesa, usiniaibishe."

"Sikuaibishi. Natetea mali ya nyumba. Hiyo figo ni yetu. Kama inatoka, iache kitu kwa boma."

Mambo yalizungushwa mpaka chai ikapoa. Mwisho wazee wakakata maneno: Mwalimu atoe mtamba mmoja, awe badala ya figo. Akatoa mtamba wake mzuri wa rangi ya udongo, ambaye alikuwa amemlea kwa mkono. Shemeji akamshika masikio, akamwangalia meno, akamwita Figo palepale. Halafu akasema neno ambalo sikulisahau: "Mtaona. Hiyo figo haitaishi mpaka huyu azae."

Mwalimu alikuwa mgonjwa, na mtu mgonjwa hana nguvu ya kugombana na mtu wa mnadani. Lakini niliona ameshika kamba ya mtamba mpaka vidole vikabadilika rangi. Kutoka siku hiyo shauri lilikuwa moja tu: figo ya dada idumu. Dada asije akakatwa bure.

Upasuaji ulifanyika Nairobi. Dada alirudi kwake akiwa na kovu na njaa. Mwalimu alirudi na mkojo. Msinicheke. Mtu ambaye amekaa miezi bila kukojoa akirudi kukojoa, anatangaza kama mtoto amezaliwa. Alinipigia kelele juu ya kayaba, "Mama! Inafanya kazi!" Nikamwambia afunge suruali kwanza.

Sasa, mimi nilidhani ukishashonwa umemaliza. Yeye ndiye alinifundisha. Mwili, alisema, ni kama mbwa wa boma. Mgeni anaweza kulala kwako miaka kumi, mbwa bado hamkubali. Ukimwachilia, anamrarua. Dawa ndiyo kamba ya mbwa. Kamba ikiwa fupi sana, hata mwizi akija mbwa hawezi kuinuka, na kifua kidogo au kidonda kidogo kinaweza kukuua. Kamba ikilegea, mgeni ameliwa. Na hakuna siku unaambiwa sasa mbwa amezoea. "Ni mpaka kaburini, Mama," aliniambia. "Mimi nikisahau, yeye hasahau."

Kwa hiyo alikuwa mtu wa ajabu kwenye matanga. Matanga hakukosa hata moja, lakini alikuwa anasimama mbali, upande upepo unakotoka, na mkono hapeani. Watu walikuwa wakisema ana kiburi, na kiburi alikuwa nacho kweli, lakini hicho hakikuwa sababu. Chakula alikula kikitoka motoni tu. Kwenye chungu cha pombe ya busaa hakuweka mrija pamoja na wengine, na kwetu mzee akikataa mrija ni kama ametukana babu yako. Alikuja na chupa yake ya maji yaliyochemshwa, akakaa nao, akaimba nao, akatukanwa nao.

Na shangazi yake, mtu wa huruma sana, alisikia ati dawa za hospitali zinapunguza nguvu ya mwili. Akapanda mlimani, akachimba mizizi, akachemsha, akaleta kwa mtungi. "Kunywa, mwanangu. Hii inaamsha mwili."

Mwalimu akapokea mtungi kwa mikono miwili, kwa heshima. "Shangazi, huu mwili ukiamka, mimi nimekwisha."

Shangazi alikasirika, lakini aliuacha mtungi. Mwalimu akamwagia migomba usiku haujaingia. Ile migomba ilizaa mwaka huo mpaka ikaanguka.

Jambo lililomchoma si kuogopa kufa. Lilikuwa uso. Nimesema ana maringo. Ujanani alikuwa mzuri, na aliendelea kujiona kijana. Dawa zilikuwa tatu. Moja, predinisoloni, ilimfanya uso uwe mviringo kama mwezi. Nyingine ilikuwa ya kumkataza jua, kwa sababu ngozi inaweza kuota saratani baada ya miaka, akawa mtu wa mikono mirefu na kofia ya ukindu hata Januari. Na ile kubwa, saiklosporini, kidonge chenye harufu kama dimbwi, ilimwotesha nywele. Masikioni, kwenye paji la uso, mgongoni mwa vidole. Alikuwa ananyoa asubuhi na ananyoa tena kabla ya mazoezi. Watoto wa Sunday school walimwita Nyani. Walimwita kwa siri, lakini kwaya ina masikio.

Halafu ufizi ukaanza kukua. Ukashuka juu ya meno mpaka yakaonekana kama punje za mahindi ambazo hazijakomaa. Damu ikatoka akipiga mswaki. Maneno ya kuimba yakaanza kumkwama mdomoni. Hapo ndipo nilimwona ameketi nyuma ya nyumba, mwalimu wa kwaya, anajaribu kusema "Sifuni" na haitoki sawasawa. Sikumwambia pole. Pole ingemwua. Nilimwambia, "Kesho kutwa ni kliniki. Nakwenda na wewe. Jiandae."

Daktari wa Eldoret alikuwa mtu wa kusema ukweli. Akaangalia mdomo, akaangalia karatasi ya damu, akavua miwani.

"Mwalimu, uchafu kwenye damu yako unaanza kupanda kidogo kidogo. Figo inalalamika. Hii saiklosporini imeilinda vizuri, lakini ikikaa miaka mingi, yenyewe pia inaweza kuikwaruza."

Nikasema, "Kumbe mlinzi ndiye anakunywa maziwa?"

"Ndiyo, Mama. Anakunywa kidogo kila siku. Bila mlinzi lakini, wezi wanachukua ng'ombe."

Akatueleza kuna nyingine, takrolimasi. Inamshika mbwa kwa nguvu zaidi, ufizi unaweza kurudi, nywele zitaacha. Lakini nayo haina utakatifu: inapenda kuleta ugonjwa wa sukari, tena kwa mtu ambaye mama yake aliufia. Inaweza kuikwaruza figo vilevile, ikipita kipimo. "Hakuna dawa ya bure," alisema. "Mnachagua mzigo mtakaoweza kubeba. Mnasemaje?"

Mwalimu alishamwona mama yake akikatwa mguu, na hilo halitoki kichwani. Mwisho akasema, "Mimi si mwenyewe. Tuulize mwenye figo."

Akatoa simu, akapiga Matulo. Dada alisikiliza. Kabla hajajibu tukasikia simu imenyang'anywa.

"Nani huyo? Daktari? Mimi ndiye mwenye mke. Hebu niambie bila kuzunguka. Ni dawa gani inafanya figo yetu ikae?"

Daktari akasema, kwa huyu mtu, kwa sasa, pengine hiyo mpya, lakini sukari ndiyo hofu.

"Basi aache sukari! Kwani sukari ni ndugu yake?"

Daktari alicheka mpaka akafuta macho. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu wa chai ambayo kijiko kinaweza kusimama ndani bila kushikwa. Lakini dawa ilibadilishwa siku hiyo, na jioni akaja kwangu, akaomba chai ya rangi, akasukuma kopo la sukari mpaka upande wangu wa meza. Alikunywa amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa kwinini.

"Ikoje?" nikamwuliza.

"Mbaya."

Akamaliza kikombe. Sukari hakuionja tena. Akaanza kutembea kila asubuhi baada ya vidonge, mpaka kwenye mashamba ya mahindi na kurudi, akipigia mbuzi za watu kelele kama ni sauti ya pili imekosea. Ufizi ulirudi pole pole. Nywele zikaacha. Uchafu kwenye karatasi ya damu ukashuka, ukatulia, na ugonjwa wa sukari ukija kubisha unakuta mlango umefungwa. Mwaka uliofuata kwaya yetu ilikwenda Lugulu kwenye mashindano, yeye mbele na meno yake yote nje, na tukarudi na kikombe. Mtamba yule Figo wakati huo alikuwa ameshazaa. Mwalimu alimtumia shemeji salamu kwa simu: "Hongera kwa ndama. Mimi bado niko." Shemeji akajibu, "Ndama mmoja si ukoo."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanaongea, hao wawili. Mtu angedhani wanachukiana. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka ulipokuja ule uchaguzi wa fujo wa elfu mbili na saba.

Wote mnajua. Baada ya Krismasi nchi ilishika moto. Huku kwetu barabara zilifungwa kwa mawe na magogo, nyumba zikachomwa, watu wakalala kwenye viwanja vya kanisa. Mwalimu alipaswa kuchukua dawa Eldoret mwaka ukianza. Eldoret hakuna wa kwenda. Alikuja jikoni kwangu na mkebe wake, akaufungua mezani. Vidonge vilikuwa vimekaa chini kabisa.

"Mama, nikivikata nusu nusu?"

"Ukimfunga mbwa kwa kamba nusu," nikamwambia, "unadhani atafika nusu ya mgeni?"

Daktari alipatikana kwa simu, sauti inakatika. Akasema hivyo hivyo kwa maneno ya hospitali: asipunguze, ameze kamili, atafute kila mahali. Mwalimu akapiga kwa dada yake. Akamwambia tu, "Figo yako imebaki na siku chache. Nisamehe." Halafu simu ikaisha pesa.

Siku zile alimeza kwa saa ile ile, nje risasi zikilia mbali. Aliimba zile nyimbo za chini, za kujifariji. Sikumwambia anyamaze.

Asubuhi moja, vidonge vikiwa vya siku hiyo peke yake, nikaona mtu kwenye lango langu amesimama na baiskeli haina breki, matope mpaka kiunoni. Shemeji. Akaingia moja kwa moja mpaka jikoni. Nilifurahi, na nikakasirika kwa sababu nimefurahi, nikaanza kumgombeza: ameingia jikoni kwa wanawake wazee na kofia kichwani.

"Kwenu hamvui kofia, shemeji?"

"Mama, nikivua kofia nimevua figo."

Akaivua pole pole. Juu ya upara wake kulikuwa na mfuko wa plastiki umefungwa kwa kitambaa, na ndani vidonge vya Mwalimu, vingi vya kutosha.

Dada alikuwa amemsomea jina la dawa herufi kwa herufi. Shemeji akavuka mpaka wa Uganda hadi Mbale, duka la dawa likaagiza Kampala, akangoja amelala kwa wachuuzi wenzake wa ng'ombe, akarudi kwa vijia vya mifugo. Kwenye vizuizi vijana walimwuliza yeye ni wa kabila gani. Mtu wa mnada anajua salamu za kila lugha. Alisalimu kila kizuizi kwa lugha yake, na walipoendelea kumbana akawaambia, "Mimi ni kabila la ng'ombe. Nani ana wa kuuza?" Wakamwacha apite.

Nikamwita Mwalimu juu ya kayaba, akaja, akashika ule mfuko kwa mikono miwili. Akasema, "Shemeji, umehatarisha maisha yako kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako? Nani amekuambia? Nimekuja kuangalia mali ya nyumba yetu." Akaketi, akavua viatu. "Nilisema mbele ya wazee, hiyo figo ni yetu. Ulidhani nilikuwa natania? Iko chai hapa? Na sukari, mimi si mgonjwa."

Hapo ndipo nilielewa kikao cha Matulo. Nilikuwa nimemhukumu yule mtu miaka hiyo yote kama mchoyo. Kumbe kwake yeye kitu kikishatajwa ni cha nyumba, kinalindwa mpaka mtu afe. Mtamba alikuwa mhuri tu.

Desemba iliyopita nilikwenda Matulo kula Krismasi, na Mwalimu alikuwa huko mbele yangu. Amezeeka vizuri. Ngozi ya mikono imekuwa nyembamba, inachubuka upesi, na vidole vinatetemeka kidogo akishika kikombe. Hayo ndiyo malipo ya dawa, hayafichiki. Lakini daktari amesema figo inafanya kazi kama ya kijana. Dada yake ndiye aliyembebea kiti kutoka nyumbani, mwanamke wa figo moja, ananyanyua kiti cha mbao kwa mkono mmoja huku akimfokea kuku.

Nyuma ya boma alikuwa amelala ng'ombe wa rangi ya udongo. Mifupa imetoka, meno yamekwisha. Ndama na wajukuu wake wamejaa zizini, wengine shemeji ameshawauza mpaka mnada wa Chwele. Mwalimu akaenda, akachuchumaa karibu naye, akamkuna kati ya pembe.

"Shemeji," akaita, "huyu bado anazaa?"

"Aliacha."

"Mimi bado nakojoa."

Tulicheka wote mpaka dada akaketi chini. Shemeji alicheka mwisho, na kwa shida, kama mtu anayelipa. Akasema, "Sawa. Nilishindwa. Lakini nimeshindwa na figo ya kwetu, si yako."

Jioni wakaimba. Watoto wa boma, wazee, majirani, na Mwalimu katikati anapiga hewa kwa fimbo, anafokea besi. Wimbo ulipopanda, kengele ikalia kwa nguvu. Ilikuwa kengele ya shingoni ya yule ng'ombe mzee. Shemeji aliifungua na kuitundika kwenye nguzo ya baraza, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa anaipiga. Watu wa boma hawakushtuka. Kila mtu alinyamaza pale alipofika, mdomo wazi, na msichana mmoja akatoka ndani na maji yaliyochemshwa na kupoa, bila kutumwa.

Ilikuwa saa moja.

Mwalimu akafungua mkebe, akaangalia watu wote wanaomngoja, akatoa sauti kama anataka kuhutubu. Shemeji akamkatiza.

"Meza, bana. Mali ya watu hiyo."

Akameza. Na wimbo ukaendelea kutoka pale pale juu ulipoachwa.